Kihariri Msimbo kwa Mwenye Mfuko Mdogo

Emali ni njia panda. Hapo ndipo barabara ya Loitokitok inapochepuka kutoka barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, na reli ya SGR ina stesheni yake. Ukielekea Nairobi utapita Konza, mji wa teknolojia uliozinduliwa mwaka 2013 na ambao ujenzi wake umekwenda polepole. Kijana wa Emali anayetaka kuundia tovuti duka la dawa za mifugo au hoteli ya kando ya barabara hana haja ya kuungoja. Kazi hiyo huanza na kompyuta na programu moja: kihariri msimbo.

Tuitazame istilahi yenyewe. Kitenzi hariri kimetupa mhariri, yule wa chumba cha habari. Programu si mtu, kwa hiyo inachukua ki- ya vifaa, kama kivinjari na kikokotoo. Neno la pili ndilo lenye utata. Wanafunzi wengi husema wanaandika “kodi”, kutokana na Kiingereza “code”, ilhali kodi ni ile ya nyumba, au ile inayokusanywa na KRA. Msimbo tunao tayari katika msimbo wa posta, na hauchanganyi mtu. Ukisema kihariri cha msimbo hujakosea pia.

Kazi ya kihariri ni kuandika matini tupu. Ukiandika HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, kwa Word, programu ile huhifadhi pamoja nayo fonti na mapambo mengine, na hata hupinda alama za kunukuu hadi kivinjari kikashindwa kuzielewa. Kihariri huhifadhi herufi ulizoandika, basi. Hukupa namba za mistari, hutia rangi sehemu za msimbo, na hukuonyesha mabano uliyosahau kuyafunga.

Je, bei? Vingi vilivyo bora ni vya bure. VS Code ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2015, hailipiwi. Sublime Text huuzwa dola 99, zaidi ya shilingi 12,000 za Kenya, ingawa muda wake wa majaribio hauna kikomo. Gharama halisi kwa mtu wa Emali ni RAM na bando. VS Code imejengwa juu ya Electron, yaani imebeba ndani yake injini ya kivinjari kizima. Mwongozo wake unataja RAM ya GB 1 kuwa inatosha, lakini mashine hiyohiyo lazima ifungue pia kivinjari cha kutazamia ukurasa unaouunda. Kwenye kipakatalishi cha mtumba chenye GB 4, utaona kinavyosuasua. Ongeza masasisho ya mara kwa mara na viendelezi unavyopakua, na bando linakwisha kabla ya wiki.

Vihariri vya Geany na Notepad++ ni vyepesi mno kwa kulinganisha, na kwa HTML, CSS na JavaScript ya kuanzia vinatosha kabisa. Notepad++ ni ya Windows pekee; Geany hufanya kazi kwenye Linux pia. Angalia vilevile kama kihariri bado kina watunzaji: Adobe iliacha kuihudumia Brackets mwaka 2021, na GitHub ikaifunga Atom Desemba 2022.

Kuna kimoja kinachotuhusu Waafrika Mashariki kwa namna ya pekee. Vim ilitolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar. Mwaka 1994 alijitolea kufanya kazi katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, na baadaye, badala ya kudai malipo ya programu yake, aliwaomba watumiaji wawachangie watoto hao. Ukiifungua, ombi hilo huweza kukulaki kwenye skrini. Moolenaar alifariki Agosti 2023; Vim ingali inatunzwa na wengine. Ni ngumu kwa anayeanza, lakini huendeshwa hata na mashine kuukuu, na hata na simu ya Android yenye programu ya Termux. Asiye na kompyuta asikate tamaa.

Uamuzi wangu ni huu: ukiwa na GB 4 au chini yake, chukua Geany au Notepad++. Ukiwa na GB 8, chukua VS Code, kisha zima masasisho ya kujiendesha uyafanye unapopata Wi-Fi. Usinunue leseni yoyote kwa sasa. Pesa hizo ongezea RAM.