Kisu, Mafuta na Mizani

Tarehe 29 Januari 1881, mjini Vienna, Theodor Billroth alimpasua mama wa miaka 43 mwenye saratani ya tumbo, akakata sehemu iliyoziba, kisha akaliunga tumbo lililobaki na utumbo. Péan wa Paris na Rydygier, Mpolandi, walikuwa wamejaribu kabla yake, lakini wagonjwa wao hawakumaliza wiki. Wa Billroth aliishi miezi minne hivi, hadi saratani ilipomrudia. Mama huyo alikuwa amekonda mno, kwa kuwa chakula kilikuwa hakipiti. Wagonjwa wengi wa zama zile walifika mezani ngozi na mifupa, na hapakuwa na sababu ya mtu kuuliza habari za unene.

Unene ulianza kuwa swali pale wagonjwa walipoanza kuwahi. Japani, ambako saratani hii imeenea sana, tangu miaka ya 1960 watu wasio na dalili yoyote walinyweshwa bariamu, wakapigwa eksirei ya tumbo. Ugonjwa ukawa unagunduliwa kabla haujaumaliza mwili. Sambamba na hilo, madaktari wa huko waliendeleza upasuaji mpana uitwao D2, ambao huondoa pia tezi za limfu zilizopangana kando ya mishipa mikubwa inayolipa tumbo damu.

Tezi hizo zimezama katika mafuta. Kwa mtu mwembamba mishipa huonekana wazi. Kwa mwenye mafuta mengi ndani ya tumbo, daktari huitafuta kidogo kidogo, damu ikitoka na saa zikienda. Kinachotisha zaidi ni kongosho. Rangi yake ya manjano hafifu hukaribiana na ya mafuta yanayolizunguka, na likichubuliwa, maji yake ya kusaga chakula huvuja na kuanza kuyeyusha nyama za mwili wenyewe. Usaha hujikusanya, na mgonjwa aliyedhaniwa amevuka huanza kupanda homa.

Waholanzi walipoijaribu D2, wakisimamiwa na mtaalamu kutoka Japani, matokeo yaliwashtua. Katika wagonjwa 711 waliofuatiliwa, waliofanyiwa upasuaji huo mpana walifia hospitalini kwa asilimia 10, na wale wa upasuaji mdogo zaidi kwa asilimia 4. Matatizo yalikuwa asilimia 43 dhidi ya 25. Kwa nini? Baadhi walisema Wazungu ni wanene kuliko Wajapani. Wengine walitaja uzoefu mdogo wa madaktari, na wengine desturi ya kuondoa pamoja na tumbo wengu na mkia wa kongosho. Nionavyo, sababu hii ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote.

Hata hivyo, mafuta hayakuachiwa huru. Kati ya 1995 na 2001, katika utafiti mwingine, Wajapani wenyewe waliwapasua wagonjwa 523, na waliowapasua walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Uzoefu haukupungua hapo, lakini waliozidi uzito walivuja damu zaidi na upasuaji wao ulichukua muda mrefu zaidi.

Ila uzito huo ulipimwaje? Kwa kugawanya kilo kwa mraba wa urefu, hesabu ya Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, ambayo Ancel Keys aliipa jina jipya mwaka 1972. Mizani haijui mafuta yamekaa wapi: ya chini ya ngozi hayamsumbui sana mwenye kisu, ya ndani ndiyo yanayomzuia njia. Mwaka 1983 watafiti wa Osaka walionyesha kwamba skani ya CT inaweza kuyatenganisha, na skani hiyo mgonjwa wa saratani hupigwa kabla ya upasuaji kwa vyovyote vile.

Kuna fumbo moja bado. Tafiti kadhaa za Korea Kusini zimeona kwamba wenye uzito uliozidi kidogo huishi muda mrefu zaidi baada ya upasuaji. Huenda wana akiba, maana aliyeondolewa tumbo lote mara nyingi hupoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, au zaidi. Huenda pia wembamba wa wenzao ulikuwa dalili kwamba saratani ilikuwa imekwisha kuwala. Na wapo wanaotazama kwingine kabisa: skani ileile inayopima mafuta huonyesha misuli ya kando ya uti wa mgongo, na baadhi ya wanene misuli hiyo imekwisha ndani kwa ndani, bila nguo zao hata kulegea.