Sarafu Yenye Kasoro: Kosa la Kiwanda au Kazi ya Nyundo?

Kuna uvumi usiokufa hapa Pwani kwamba ukiwa na sarafu yenye kasoro, yuko mnunuzi mahali anakusubiri na mamia ya maelfu ya shilingi. Ujumbe huzunguka kwenye WhatsApp, na mara nyingi mwishoni pana namba ya simu na ombi la "ada ya usajili" itumwe kwanza. Mimi nimekusanya sarafu kwa miaka mingi, basi majirani huniletea zao niziangalie. Wengine huja wameshatuma ada. Nyingi mno ya hizo sarafu hazikukosewa kiwandani. Ziliumia huku mitaani.

Kutofautisha si uchawi. Inatosha kujua sarafu inavyozaliwa. Kwanza bati la metali hukatwa visahani vya duara visivyo na picha. Kila kisahani huviringishwa ili ukingo uinuke kidogo. Kisha huwekwa ndani ya pete ya chuma, kati ya mihuri miwili, na mashine huigonga kwa nguvu kubwa mara moja. Metali hutiririka kuingia kwenye michoro ya mihuri, na pete huizuia isitapakae pembeni. Kosa la kweli lazima litokee katika mojawapo ya hatua hizo. Kwa hivyo ninapopewa sarafu najiuliza swali moja tu: mashine ingewezaje kufanya hivi? Nikikosa jibu, naangalia upande wa nyundo, jiliwa, moto na bahari.

Tuanze na ile ninayoletewa zaidi: sarafu yenye maandishi yaliyozama badala ya kuinuka, tena yamegeuka kama kwenye kioo. Kosa la namna hii lipo kweli. Sarafu iliyokwisha kupigwa hunasa kwenye muhuri, na kisahani kinachofuata hupigwa dhidi yake. Lakini hapo picha iliyozama huenea vizuri, na hukuti mabaki ya mchoro wa kawaida yaliyopondwa chini yake. Kinachofanyika mitaani ni mtu kubana sarafu mbili kwenye jiliwa, au kuzigonga pamoja kwa nyundo. Utaona mchoro wa awali bado upo ila umelala, herufi zilizozama zimekaa juu yake kombo, na upande wa pili umesawazishwa pale ulipoegemea chuma. Kiwandani, pande zote mbili hubanwa na mihuri kwa wakati mmoja. Upande wa pili hauwezi kubaki na bapa lisilo na sababu.

Sarafu iliyomegeka ukingoni nayo ina siri yake. Kisahani kikikatwa vibaya kikakosa kipande cha duara, ukingo wa mkabala na pengo hutoka dhaifu, kwa kuwa wakati wa kuviringisha hapakuwa na kitu cha kusukumana nacho. Herufi zilizo karibu na pengo pia huvutika kidogo kulielekea. Iliyokatwa kwa tupa au mkasi wa bati haina hayo: herufi zimekatwa wima kama mkate, na ukingo wa mkabala uko imara.

Matundu. Senti 1, 5 na 10 za Afrika Mashariki za wakati wa mkoloni zilikuwa na tundu katikati kwa makusudi, basi mwenye senti ya tundu asisumbuke. Tundu likiwa limehama pembeni, hilo laweza kuwa kosa halisi. Isiyo na tundu kabisa ni jambo la kuchunguza kwa lenzi ya sonara, maana tundu huzibwa kwa risasi na kupakwa rangi. Ama rupia na riale za kina nyanya zenye kitundu juu karibu na ukingo, hizo zilitobolewa zivaliwe shingoni. Ni kumbukumbu nzuri ya ukoo, lakini kwa mkusanyaji thamani imeshuka.

Bahari ndiyo inayotudanganya sisi watu wa Pwani kuliko wote. Shaba ya manjano ikilala kwenye maji ya chumvi hupoteza zinki, na sarafu hubaki na rangi nyekundu ya shaba tupu. Mwenyewe huapa kwamba imepigwa kwa metali isiyo yake. Sarafu za chuma zilizopakwa nikeli huvimba malengelenge kutu ikiingia chini. Hapa mizani ndogo ya sonara ni shahidi mzuri: iliyoliwa na chumvi huwa nyepesi kuliko mwenzake, na uso wake una vishimo vidogo vidogo. Sumaku nayo husaidia. Wamarekani wana senti yao maarufu ya mwaka 1943, mwaka ambao senti zilipigwa kwa chuma kwa sababu ya vita, lakini chache zikatoka za shaba. Matapeli hupaka zile za chuma rangi ya shaba. Sumaku ikizivuta, mchezo umekwisha.

Sarafu yenye vichwa viwili? Karibu zote ni za wachezaji wa mazingaombwe: sarafu mbili zimechongwa na kuunganishwa. Pitisha ukucha ndani ya ukingo utafute mshono, kisha iangushe mezani usikie mlio wake.

Herufi zinazoonekana mara mbili zataka subira. Muhuri wenyewe ukichorwa mara mbili kwa kombo, kila sarafu inayotoka kwake hubeba herufi mbili kamili zilizoinuka, kama senti ya Marekani ya 1955, ambayo leo huuzwa kwa zaidi ya dola 1,000. Lakini muhuri uliolegea ukiteleza wakati wa kupiga huacha kivuli bapa kama ngazi kando ya herufi. Hicho hutokea mara nyingi na hakiongezi bei.

Na kuna vitu ambavyo si kosa wala uharibifu. Herufi H, KN au SA kwenye sarafu za zamani za Afrika Mashariki ni alama za kiwanda. Riale ya Maria Theresa ina mwaka 1780 hata ikipigwa karne nyingine. Sarafu ya Marekani ukiigeuza kama ukurasa, upande wa pili huwa kichwa chini. Ndivyo wanavyotaka wao.

Kuhusu bei, nitoe mfano wa Uingereza. Mwaka 2008 mchoro wa peni 20 ulibadilishwa, na mwaka ukahamishiwa upande wa Malkia. Kiwanda kikachanganya muhuri wa zamani na mpya, zikatoka sarafu zisizo na mwaka popote. Ni kosa la kweli, limethibitishwa, dunia nzima inalijua. Huuzwa kwa makumi ya pauni. Sasa linganisha na ahadi za WhatsApp kuhusu shilingi tano iliyopondwa na gurudumu la matatu.

Ukidhani unayo ya kweli, usiisugue kwa ndimu wala mchanga. Kusafisha kunaharibu uso, na mnunuzi wa haki ataona. Ifunge kwenye karatasi kavu, tafuta mbili nyingine za aina ileile na mwaka uleule, uzipime uzito na unene pamoja. Piga picha pande zote mbili na ukingo, kwenye mwanga wa dirisha. Mnunuzi wa kweli ataanza kwa kuomba picha ya ukingo, na hatakudai senti.