Prosuma, au Mteja Fundi?

Neno “prosuma” lilizaliwa mara mbili, na wazazi wa mara ya pili si wale wa mara ya kwanza. Alvin Toffler, mwandishi wa Marekani, alilitumia katika kitabu chake The Third Wave kilichotoka mwaka 1980, akiwa ameunganisha mzalishaji na mlaji. Hoja yake ilikuwa kwamba zama za kilimo watu walikula walichokilima wenyewe. Viwanda vikaja vikawatenga, huyu akawa wa kutengeneza na yule wa kununua. Kisha zama mpya zitawarudisha pamoja. Baadaye wauza kamera wakalichukua neno lilelile wakalipa maana yao. Kwao ile “pro” ya mwanzo haikuhusu tena kuzalisha, ilimhusu mtaalamu anayelipwa kwa kazi yake. Sony DCR-VX1000 ya mwaka 1995 ni mfano mzuri: kamera ya mkononi, ambayo mtu binafsi aliyejipanga angeweza kuinunua, lakini ndani ina vihisi vitatu vya picha kama zile za studio. Watengenezaji wa filamu za hali halisi waliikimbilia.

Maana hiyo ya pili ndiyo iliyohamia kwenye vifaa vya mtandao wa nyumbani. Ukisikia mtu amefunga kwake vifaa vya daraja la prosuma, usidhani anazalisha intaneti na kuiuza. Ameacha kutegemea kisanduku alicholetewa na kampuni ya faiba, akanunua ruta ya MikroTik, au vifaa vya UniFi vya kampuni ya Ubiquiti, au Omada za TP-Link, vitu ambavyo kwa kawaida utavikuta hotelini, shuleni au kwenye ofisi yenye wafanyakazi ishirini.

Mtafsiri hapa ana shughuli. Kaya yenye paneli za jua inayorudisha umeme wa ziada kwenye gridi, jambo ambalo Sheria ya Nishati ya Kenya ya mwaka 2019 imelitengea nafasi, nayo huitwa prosuma, na hapo maana ni ya Toffler kabisa. Tukitumia neno moja kwa wote wawili, msomaji wa Kiswahili atarithi mkanganyiko ambao si wake.

Njia ya kwanza ni kukopa tu na kuandika “prosuma”. Matamshi hayana tatizo, maana tumezoea programu na prosesa. Tatizo ni kwamba neno linafika bila mizigo yake: msomaji halioni lile la mzalishaji wala lile la mtaalamu. Njia ya pili ni kufinyanga, kama tulivyopata “chajio” kutoka chakula cha jioni, na “tarakilishi” iliyobeba tarakimu na akili. Mzalishaji na mlaji wangetupa “mzalaji”. Nimelitamka mara kadhaa na sikio langu bado linalikataa. Linasikika kama mtu mwenye tabia fulani mbaya. Na hata tarakilishi, pamoja na kufundishwa shuleni Kenya, haijaing’oa kompyuta midomoni mwa watu.

Njia ya tatu ndiyo inayovutia wauzaji: “vifaa vya daraja la kati”. Ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ya kuchekesha kidogo. Katika mitandao “daraja” tayari lina kazi nyingine, yaani kuunganisha sehemu mbili za mtandao mmoja. Kisanduku cha faiba kikiwekwa katika hali ya daraja kinaacha kujifanya ruta na kupitisha data tu, ili ruta yako ishike usukani. Sasa mwandikie mtu: “Weka kifaa cha daraja la kati nyuma ya kisanduku kilicho katika hali ya daraja.” Kasoro ya pili ni nzito zaidi. “Kati” inazungumzia bei, na bei siyo inayovitenga vifaa hivi.

Kinachovitenga ni mgawanyo wa kazi na wingi wa mipangilio iliyoachwa wazi. Kisanduku cha kawaida kinafanya kazi nne ndani ya plastiki moja: kinageuza mwanga wa faiba kuwa ishara za umeme, kinaelekeza data kati ya nyumba na nje, kinagawa matundu ya waya, na kinarusha waifai. Ndiyo maana majumbani kitu kizima huitwa “waifai”, na kikisumbua, “waifai imekufa”, hata kama kilichokatika ni faiba huko barabarani. Mwenye vifaa vya aina hii ninayoieleza anazitenga kazi hizo. Ruta ni kitu kimoja, swichi ni kingine, na vifaa vya kurusha waifai vinakaa darini, kimoja sebuleni na kingine upande wa vyumba. Katika nyumba ya kuta nene za mawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe wa Zanzibar, kisanduku kimoja kilichowekwa pembeni hakifui dafu, hasa kwa mawimbi ya gigahezi 5 ambayo hupoteza nguvu haraka yakipita ukutani.

Chukua nyumba yenye wapangaji uani na kamera getini. Kwa kisanduku cha kawaida, mara nyingi wote wanaishia kwenye mtandao mmoja: simu ya mpangaji inaweza kuiona kamera, na kamera ya bei rahisi isiyosasishwa miaka mingi inaweza kuifikia kompyuta yenye hesabu za biashara. Kwa swichi inayosimamiwa unaweza kuwatenga bila kuvuta waya mpya. Kila fungu la data linabandikwa nambari, kati ya 1 na 4094, kwa kanuni inayoitwa 802.1Q iliyopitishwa mwaka 1998. Wenyeji 10, wapangaji 20, kamera 30. Waya ni uleule, mitandao ni mitatu. Kiswahili hapa kimejaliwa: tuna “pepe” ya barua pepe, kwa hiyo “mtandao pepe” inaeleweka bila kuhangaika. Ruta ndiyo inayoamua nani avuke kwenda wapi, na mtu lazima aiandikie sheria hizo; bila sheria, nambari peke yake hazimzuii mtu kupita kwenye ruta.

Jambo jingine ambalo kwetu lina uzito kuliko hata kasi ni umeme. Vifaa hivi hulishwa umeme kupitia waya uleule wa data. Kanuni ya kwanza ya jambo hilo, 802.3af ya mwaka 2003, inaruhusu wati 15.4 kutoka kwenye swichi kwa kila tundu, zinazotosha kamera au kifaa cha darini, na waya wenyewe unaruhusiwa kufika mita 100. Maana yake ni kwamba UPS moja stoo, ikilisha swichi na ruta, inaubeba mtandao wa nyumba nzima umeme unapokatika. Hakuna adapta ya kutafutwa gizani nyuma ya kabati. Ila waya uwe wa shaba tupu. Kuna waya za alumini zilizopakwa shaba juu, bei yake inashawishi. Kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukiona ndani kuna weupe wa fedha, urudishe dukani. Alumini ina ukinzani mkubwa zaidi, hupata joto ikibeba umeme huo, na hukatika kirahisi pale kwenye kichwa, ile plastiki ya mwisho wa waya inayochomekwa tunduni.

Kichwa chenyewe ndipo mtu anapojua kama ni mteja tu au amevuka. Ganda la nje linavuliwa kidogo, jozi nne zinafunguliwa msokoto kwa sentimita moja hivi na si zaidi, kisha nyuzi zinapangwa: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Zinanyooshwa kwa vidole, zinakatwa sawasawa, zinasukumwa hadi ncha zote nane zionekane mwisho wa plastiki, ndipo koleo linabana. Anayetenganisha kijani na kijani yake pande mbili za buluu anadhani mpangilio umekosewa. Haujakosewa. Hizo jozi mbili za katikati zinapishana hivyo kwa makusudi.

Kwa hiyo napendekeza “mteja fundi”. Kiswahili kimezoea kuweka majina mawili sambamba, la kwanza likibeba mzigo na la pili likilieleza: askari kanzu, fundi mchundo. Mteja fundi anabaki mteja, maana amenunua na anatumia nyumbani kwake; hakuna anayemlipa. Lakini ni fundi, na fundi kwetu hapimwi kwanza kwa cheti. “Mtaalamu” ingetupeleka darasani. Vifaa vyake basi ni “vifaa vya mteja fundi”. Yule wa Toffler, pamoja na kaya ya paneli za jua, namwachia “mlaji mzalishaji”, na kila mmoja anabaki na lake. Kiswahili hakilazimiki kubeba mgongano uliotokana na silabi za lugha nyingine kufanana.

Kuna watakaosema “fundi” linashusha hadhi. Watazame namna kampuni zenyewe zinavyomfikiria mtu huyu. MikroTik, kampuni ya Latvia iliyoanza mwaka 1996, inaweka mfumo uleule wa RouterOS kwenye kisanduku kidogo cha nyumbani na kwenye mitambo ya watoa huduma wa intaneti. Menyu ni ndefu, na kubadilisha mstari mmoja wa ngome, yaani sheria za nani apite na nani azuiwe, au wa daraja kunaweza kukufungia nje ya kifaa chako mwenyewe. Ndiyo sababu mfumo huo una hali salama: ukiiwasha kabla ya kugusa kitu, kisha muunganisho ukatike kwa kosa lako, mabadiliko yote yanafutwa na unaingia tena kama kawaida. Aliyebuni hilo alijua anayeshika kipanya ni mtu anayejifunza huku akifanya, na hakuna wa kumpigia simu usiku.

Jina likishakaa, linasaidia kupanga vitu dukani. Seti ya visanduku vitatu vinavyopeana waifai, vya rangi nzuri, vinavyoendeshwa kwa programu ya simu yenye vitufe vinne, si vifaa vya mteja fundi hata vikigharimu maradufu. Havikuruhusu kutenga mitandao kwa nambari unazozichagua wala kuhifadhi mipangilio kwenye faili ukaihamishia kifaa kingine. Kisanduku cha MikroTik cha bei ya chini kabisa, chenye antena za ndani na matundu machache, kinayaruhusu yote mawili. Hicho ndicho kiingie kwenye rafu hiyo.