Jasho la Kifuniko

Januari 1940 ilikuwa na mambo mawili ambayo hakuna aliyedhani yangekuja kukutana katika bakuli moja. Tarehe 8, Serikali ya Uingereza ilianza kugawa chakula kwa vitabu vya mgao, na siagi, sukari na nyama ya nguruwe ya chumvi zikawa vitu vya kupimwa. Siku 15 baadaye, tarehe 23, ofisi ya hataza ya Marekani ilimpa mhandisi wa Chicago, Irving Nachumsohn, haki ya kumiliki ubunifu wake: chungu cha umeme kinachopika taratibu, bila mtu kusimama kando yake.

Mgao ule ndio uliowazoesha Waingereza kufunika matunda kwa chenga za unga na siagi pale ambapo zamani wangesukuma unga na kuoka pai. Chungu kile nacho, baada ya miaka 30 ya kukaa pembeni, kiliingia katika mamilioni ya nyumba za Marekani. Leo, msimu wa matofaa ukifika huko, wapo wapishi wengi wanaoviunganisha viwili hivyo. Matofaa hukatwa na kuwekwa chini, chenga za oti, unga, sukari na siagi juu, kifuniko kinafungwa, na baada ya saa tatu hivi kitindamlo cha moto kiko tayari. Wamarekani hukiita krispi, yaani kitu kikavu kinacholia kikitafunwa.

Lakini chungu hiki, kwa namna kilivyoumbwa, hakijui kukausha kitu.

Moto uliowashwa kabla ya jua kuzama

Asili ya chungu iko Vilna, mji unaoitwa Vilnius hivi leo, mji mkuu wa Lithuania, ambao karne ya 19 ulikuwa chini ya dola la Urusi. Sabato ya Wayahudi huanza jua linapozama Ijumaa na kwisha Jumamosi usiku unapoingia. Ndani ya muda huo ni mwiko kuwasha moto, ni mwiko kupika. Hata hivyo, kula chakula cha moto Jumamosi mchana ni sehemu ya kuiheshimu siku yenyewe.

Kina mama wa Kiyahudi wa Vilna walilitatua fumbo hilo kwa kutanguliza moto. Maharage, shayiri, viazi, vitunguu na kipande cha nyama viliingia chunguni Ijumaa mchana. Familia nyingi hazikuwa na tanuri, kwa hiyo chungu kilipelekwa kwa mwoka mikate wa mtaa. Mikate ya mwisho ikishatoka, tanuri lilibaki na joto lililopungua polepole usiku kucha. Vyungu vya mtaa mzima vikapangwa humo na mlango ukafungwa. Kesho yake kila mtu alikuja kuchukua chake, na chakula kilichoiva hivyo kiliitwa cholent.

Msomaji wa Mombasa au Unguja hatashangaa. Naye anajua bokoboko, ngano na nyama zinazopikwa saa kwa saa kwa moto mdogo mpaka ngano isijulikane na nyama. Anajua pia makumbi ya nazi, ambayo hayatoi mwali wa kujisifu lakini yakishika moto hayazimiki upesi. Moto mchache kwa muda mrefu ni elimu ya kale kuliko mhandisi yeyote. Hata Ulaya ilikwishaanza kuitia ndani ya sanduku: mwaka 1867, katika maonyesho makubwa ya Paris, Mnorwei Johan Sørensen alionyesha kasha lililosheheni vitu vya kuzuia joto lisitoke. Sufuria ikichemka kidogo jikoni, ilizamishwa kwenye kasha na chakula kikajiivisha chenyewe. Nchini Kenya vikundi vya wanawake hushona kikapu chenye matumbo manene kwa kazi hiyo hiyo.

Mwana wa Tamara

Tamara Nachumsohn, aliyekulia Vilna, alimsimulia mwanawe jinsi mama yake alivyokuwa akimtuma na chungu kwa mwoka mikate. Mwanawe huyo, Irving, alizaliwa mwaka 1902 Jersey City, jimbo la New Jersey, akawa mhandisi wa umeme na mtu wa kubuni vitu mfululizo. Miongoni mwa kazi zake ni Telesign, ubao wa taa ambao habari zilipita juu yake kwa maandishi yanayotembea.

Hadithi ya mama yake aliitazama kwa jicho la fundi. Tanuri la mwokaji lilikuwa na siri moja: joto lilikizunguka chungu pande zote, halikukiunguza kitako. Basi mwaka 1936 akaomba hataza ya chombo chenye chungu ndani, ganda nje, na waya wa joto uliouzunguka ubavu wa chungu. Familia yake imesimulia pia sababu ya pili, nyepesi zaidi: kiangazi cha Chicago ni cha joto kali, na hakuna anayependa kuwasha tanuri nyumba ikiwa tayari inafuka.

Mwaka 1945 alifupisha jina lake likawa Naxon, maana jina lenye sauti ya Kijerumani lilikuwa mzigo wakati ule. Chungu chake kikauzwa kwa jina la Naxon Beanery, chungu cha maharage. Wanunuzi walikuwa hasa wenye vibanda vya chakula na mikahawa midogo. Nyumbani hakikuvuma. Mke aliyeshinda nyumbani, jiko likiwa mbele yake, alikuwa na haja gani na chungu kisichotaka kuangaliwa?

Nyumba isiyo na mtu mchana

Jibu lilikuja miaka ya 1970, na lililetwa na ratiba ya siku. Mwaka 1970 asilimia 43 hivi ya wanawake wa Marekani walikuwa wanafanya kazi au wanaitafuta. Ilipofika 1980 walikuwa wamepita asilimia 51. Jikoni mchana pakawa hapana mtu, kama vile Vilna siku ya Jumamosi palivyokuwa hapana moto. Sababu zilitofautiana, haja ikawa ile ile.

Naxon alistaafu mwaka 1970 na kuiuza kampuni yake kwa Rival, watengenezaji wa vyombo vya nyumbani wa Kansas City. Rival walimkabidhi Mabel Hunter, mtaalamu wao wa mapishi, kile chungu cha maharage na kumwachia akijaribu atakavyo. Akapika nyama, akapika mchuzi, akapika kuku, akarudi na habari kwamba chungu kinajua mengi kuliko jina lake. Mwaka 1971 kikatokea Chicago kwenye maonyesho ya vyombo vya nyumbani kikiwa na sura mpya, jina jipya la Crock-Pot, na kijitabu cha mapishi.

Mauzo ya mwaka huo yalikuwa dola milioni 2. Mwaka 1975 yalikuwa dola milioni 93. Mtikisiko wa bei ya mafuta wa 1973 ulikisaidia, kwani kila mtu alikuwa akihesabu gharama ya nishati, na chungu hiki hula umeme kidogo tu ukikilinganisha na tanuri. Mwaka 1974 kikapata chungu cha ndani cha kuchomoa, na kukiosha kukawa jambo la kawaida. Mwaka 1975 Mable Hoffman wa California akatoa kitabu, Crockery Cookery, kilichouzwa kwa mamilioni. Wapishi walikwishapita kwenye nyama na maharage, sasa wakaanza kujaribu kila kitu kinachoingia chunguni, matunda yakiwamo.

Chenga za wakati wa dhiki

Hapa tukiache chungu tulifuate tunda. Kwa mtu wa pwani neno lenyewe lina utata, kwa sababu tofaa la Unguja ni lile tunda jekundu lenye majimaji na harufu ya waridi, ilhali linalozungumzwa hapa ni lile la nchi za baridi, ambalo mchuuzi wa Kariakoo humuuzia mteja kwa jina la epo.

Krispi ya matofaa tayari ilikuwemo katika kitabu cha mapishi alichokitoa Isabel Ely Lord nchini Marekani mwaka 1924. Chakula hiki, kwa vyakula vya nchi zile, ni kijana. Pai ina karne nyingi nyuma yake. Krispi ni pai iliyovuliwa nguo: haina unga wa kukanda, haina kusukuma, haina ustadi wa mikono baridi unaotakiwa siagi isiyeyuke. Unachukua unga na siagi, unavifikicha kwa ncha za vidole mpaka vifanane na mchanga wenye vijiwe, unanyunyiza.

Wepesi huo ulikuwa wa kupendeza wakati wa amani. Wakati wa vita ukawa wokovu. Mgao wa mwanzo Uingereza ulimpa mtu mmoja wakia 4 za siagi kwa wiki, yaani gramu 113, na baadaye ukapungua. Pai ya kufunikwa chini na juu ingeweza kumeza mgao wa watu wawili kwa mlo mmoja. Chenga zilitosheka na nusu ya mafuta hayo, na hazikugomba zikipewa majarini au zikichanganywa na oti, nafaka ambayo tangu mwisho wa karne ya 19 ilikuwa ikiuzwa kwa bei nafuu, imechemshwa kwa mvuke na kubanwa bapa. Mgao ulikwisha Julai 1954, chenga zikabaki mezani.

Kwa hiyo chungu na krispi ni watoto wa namna moja. Mmoja alizaliwa moto ulipokatazwa, mwingine akavuma siagi ilipokosekana. Ungedhani wangeelewana.

Mahali wanapogombana

Fungua kifuniko cha chungu cha umeme katikati ya kazi uone. Upande wa ndani umejaa matone. Matunda yamechemka, maji yake yamepanda kuwa mvuke, mvuke umegonga kifuniko kilichopoa kwa hewa ya jikoni, ukageuka maji na kurudi chini. Kwa maharage mzunguko huo ni neema, ndiyo sababu hayakauki kutwa nzima. Kwa chenga za krispi ni mvua isiyokoma. Isitoshe, penye mvuke joto haliendi mbali zaidi ya nyuzi 100 za Selsiasi, na rangi ya kahawia pamoja na ile harufu ya kitu kilichookwa huanza kujitokeza vizuri kwenye nyuzi 140 na kuendelea. Matokeo yake matofaa huiva kwa uzuri ambao tanuri halipati, laini, yenye sharubati nzito, na juu yake hukaa uji.

Wapishi wa nyumbani walitafuta dawa, na dawa iliyoenea haina umeme ndani yake: kitambaa. Taulo safi ya jikoni hutandazwa juu ya chungu kisha kifuniko kikaja juu yake, pembe za taulo zikikunjwa huko juu zisining'inie kwenye ganda la moto. Jasho linaishia kwenye kitambaa. Mengine ni ya kawaida. Matofaa 6 au 7 yenye ukali kidogo yamenywe na kukatwa vipande vinene, maana vyembamba hugeuka rojo. Yachanganywe na sukari, mdalasini, maji ya ndimu na kijiko cha unga wa mahindi mweupe ule laini wa kufanya mchuzi uwe mzito. Juu vije kikombe cha oti, nusu kikombe cha unga wa ngano, nusu kikombe cha sukari ya kahawia na zile gramu 113 za siagi, mgao wa mtu mmoja wa wiki, vilivyofikichwa pamoja. Moto mkubwa kwa saa mbili na nusu hadi tatu, na nusu saa ya mwisho kifuniko kikae upande kidogo. Asiyetaka kubahatisha hukaanga nusu ya chenga kwenye kikaango pembeni na kuzimwaga juu wakati wa kupakua.

Fundi wa Chicago hakukosea kitu. Alijenga tanuri la mwokaji wa Vilna kwa ajili ya maharage, na kwa maharage liko sawa. Lakini mapishi ya moto mdogo yalikuwa na tawi jingine, ambalo waya wake haukulifuata. Wasafiri wa Marekani wa zamani walikuwa na chungu cha chuma chenye kifuniko cha ukingo, ili makaa yakae juu yasianguke. Huku kwetu mama anayepika mkate wa kumimina hupunguza makaa chini, akafunika, kisha akapalia makaa juu ya kifuniko. Wali nao hupaliwa vivyo hivyo. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia mkate uive juu na chini. Sababu nyingine mkono wake unaijua bila kuambiwa: mvuke hauwezi kugeuka maji penye moto. Kifuniko kilichopaliwa makaa hakitoki jasho.