Maji, Nili na Mteja: Historia ya Uchapaji wa Ajrakh wa Kutch na Suala la Umiliki wa Sanaa za Mipakani

Utangulizi

Katika maandishi mengi ya historia ya uchumi wa India, habari za mafundi wa nguo husimuliwa kwa namna moja: palikuwa na mafundi hodari, ikaja mitambo ya Uingereza, mafundi wakaangamia. Simulizi hilo lina ukweli wake, hasa kwa wafumaji wa Bengal. Hata hivyo, likifanywa ufunguo wa kila mlango, huwaacha nje mafundi wengi ambao historia yao ilikwenda mkondo mwingine. Makala haya yanafuatilia ufundi mmoja tu, yaani uchapaji wa nguo ziitwazo ajrakh katika wilaya ya Kutch, jimbo la Gujarat. Ufundi huu ulistahimili karne nzima ya ukoloni, ukakaribia kufa India ikiwa tayari nchi huru, kisha ukafufuka.

Sababu ya kuuchagua ni ya kisera. Katika nchi zetu, mjadala wa kulinda sanaa za mikono aghalabu huanza na hati: nani asajiliwe, jina gani lilindwe, nembo gani ibandikwe. Kutch walikwenda kinyume. Hati ilifika baada ya mengine yote, na inafaa tujue hayo mengine yalikuwa yapi.

Nguo ya jangwani na nguo ya baharini

Kutch imepakana kaskazini na jangwa la chumvi liitwalo Rann, ng'ambo yake ikiwa Sindh, ambayo leo ni jimbo la Pakistani. Kusini iko bahari, na bandari ya Mandvi ambayo majahazi yake yalizoea pepo za kaskazi na kusi. Wasomaji wa pwani yetu hawahitaji kuelekezwa sana huko. Lugha ya Kutch ilisemwa, na bado inasemwa, katika nyumba za Unguja na Mombasa; na Jairam Shivji, Bhatia ambaye ukoo wake ulitoka Mundra katika pwani hiyo hiyo, aliikodi forodha ya Unguja kwa miaka mingi ya utawala wa Sayyid Said. Nguo za magharibi mwa India, ikiwamo kaniki iliyotiwa nili, zilikuwa miongoni mwa shehena zilizopokewa katika bandari zetu.

Biashara hiyo ya baharini ilipata pigo mapema. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, marikani iliyofumwa Massachusetts ilienea pwani hadi bara, na nguo za Kihindi zikapoteza sehemu ya soko. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata ugavi huo, na baadaye viwanda vya Bombay vikaingia kwa nguvu. Tukitazama kutoka Unguja tunaona mitambo ikishindana na mitambo, na fundi wa mkono akisukumwa pembeni.

Ajrakh, hata hivyo, ilikuwa na makao mengine. Mteja wake mkuu alikuwa mfugaji Mwislamu wa Banni na vijiji vya kandokando ya Rann, mtu aliyeifunga kiunoni, akaipiga kilemba, akaitupa begani, akaifungia vitu safarini. Mfugaji huyo alitaka nguo ya aina ile ile aliyoivaa baba yake, yenye nyekundu na buluu zilizojulikana, na alimjua fundi kwa jina. Mitambo ya Manchester haikuwa na njia rahisi ya kuingia katikati ya watu hao wawili. Zaidi ya hayo, bafta iliyofumwa viwandani ilimfaa mchapaji: iligeuka kuwa malighafi yake. Mfumaji na mchapaji walikuwa na masilahi tofauti, na kuwaweka wote katika kapu moja la “mafundi wa jadi” ni kosa ambalo hata ripoti za leo hulirudia.

Asili ya ufundi huu ni ya kale. Katika Fustat, jiji kongwe la Misri, vilifukuliwa vipande vya pamba ya Gujarat vilivyochapwa kwa vibao na kutiwa nili na rangi nyekundu, baadhi vikiwa vya zama za kati. Zaidi ya vipande elfu moja vya nguo za Kihindi kutoka Misri vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Ashmolean, Oxford. Mpangilio wa baadhi ya mapambo hayo unafanana sana na ajrakh ya sasa. Jina lenyewe wengi hulihusisha na neno la Kiarabu azraq, buluu. Mafundi nao wana maelezo yao, kwamba ni agizo la kuiacha nguo ipumzike leo. Wanaisimu watalipendelea lile la kwanza, lakini aliyewahi kuona kazi hii ikifanywa hatalicheka la pili.

Kazi yenyewe

Kwa mujibu wa masimulizi ya koo za Khatri, mababu zao walivuka kutoka Sindh katika karne ya 16 kwa mwaliko wa Rao Bharmalji wa Kwanza, mtawala wa Kutch, wakachagua kukaa Dhamadka kwa sababu mto Saran ulipita hapo. Walichagua mto kwanza, kijiji kikafuata. Sababu inaonekana katika hatua za kazi, ambazo kwa kawaida huhesabiwa kuwa kati ya 14 na 16 na huchukua majuma kadhaa.

Nguo mpya huoshwa kwanza, ikaloweshwa katika mchanganyiko wa mafuta ya nyonyo, magadi na samadi ya ngamia, ikaanikwa na kuloweshwa tena hadi uzi uwe mlaini na uweze kunywa rangi. Kisha hutiwa katika maji ya matunda ya harada, yenye ukakasi unaofanana na wa magome tunayotumia kutengenezea ngozi, nayo hugeuka njano hafifu. Ndipo uchapaji huanza. Kwa kibao cha msaji kilichochongwa, fundi huchapa rojo la chokaa na gundi ya mgunga: popote rojo hilo lilipokaa, rangi haitaingia, na pale patabaki peupe. Kwa weusi, vyuma chakavu huachwa vichache ndani ya maji ya sukari guru kwa siku nyingi, kisha maji hayo ya kutu huzitishwa kwa unga wa mbegu za ukwaju. Yakikutana na ule ukakasi wa harada, hutoa nyeusi isiyotoka. Kwa wekundu, huchapwa shabu, ambayo yenyewe haina rangi. Kazi yake ni kushika rangi itakayokuja baadaye.

Baada ya hapo nguo hutumbukizwa katika birika la nili. Hutoka ikiwa ya kijani, ikageuka buluu machoni pa mtu kadiri hewa inavyoipata. Huoshwa, ikachemshwa pamoja na mizizi ya mmea wa rangi nyekundu, na pale palipochapwa shabu pakawaka wekundu. Kazi iliyo bora zaidi huchapwa pande zote mbili, vibao vikilingana mbele na nyuma bila kupishana, kwa kuwa mfugaji aliyeamka alfajiri gizani alitakiwa aivae nguo yake bila kutafuta upande wa juu.

Nimezieleza hatua hizi kwa urefu kwa sababu moja. Takriban kila hatua inafuatwa na kuosha, na kuosha ndiko kunakoamua matokeo. Maji yakiwa na chuma kingi, chuma hicho hufanya ile kazi ya maji ya kutu mahali pasipotakiwa, na nyekundu hufifia ikawa ya udongo. Fundi anaweza kuwa na vibao vyote vya babu yake na bado asipate ajrakh.

Kuporomoka na kufufuka

Hatari ya kwanza ilikuwa rangi za viwandani, ambazo zilikuwa rahisi na za haraka. Katikati ya karne ya 20 mafundi wengi walizipokea, na ujuzi wa mizizi na matunda ukaanza kusahaulika ndani ya kizazi kimoja. Hatari ya pili ilikuwa kubwa zaidi, nayo ni poliesta. Nguo ya poliesta iliyochapwa viwandani ilikuwa nafuu, haikuchakaa upesi, ilikauka haraka, na mfugaji aliinunua. Hakulazimishwa na mtu. Hapo ndipo mteja wa karne nyingi alipoondoka.

Serikali ya India huru ilikuwa na taasisi tayari. Halmashauri ya Sanaa za Mikono ya India Nzima iliundwa mwaka 1952, na Kamaladevi Chattopadhyay akaiongoza kwa miaka mingi akiwa na imani kwamba ufundi ni sehemu ya uchumi na wala si pambo la maonyesho. Katika ngazi ya jimbo, shirika la sanaa za mikono la Gujarat, lililojulikana kwa jina la maduka yake, Gurjari, lilianza kazi katika miaka ya 1970. Maofisa wake walikwenda vijijini, wakanunua, wakaagiza, wakauza mijini. Huko Dhamadka walimkuta Mohammed Siddik Khatri, mzee aliyeamua kurudia rangi za asili na kuwafundisha wanawe watatu, Abdul Razzaq, Ismail na Abdul Jabbar. Mkutano huo wa fundi mwenye ujuzi na mnunuzi mwenye fedha ndio uliofufua kazi. Ismail Khatri alikuja kutunukiwa shahada ya heshima na Chuo Kikuu cha De Montfort, Leicester, mwaka 2003.

Tusipuuze gharama ya ufufuo huo. Ajrakh iliacha kuwa nguo ya mchungaji ikawa sari, shali na pazia la mkazi wa Ahmedabad na Delhi, kisha la mnunuzi wa ng'ambo. Mjukuu wa mteja wa zamani hana uwezo wa kuinunua. Kuna wanaoliita jambo hili upotofu wa utamaduni. Kwa maoni yangu, aliyeiacha kwanza alikuwa mteja, na fundi hawezi kulaumiwa kwa kumtafuta mwingine. Hata hivyo, ripoti zinazouita ufufuo huu “uendelezaji wa mila” bila kutaja mabadiliko hayo zinaficha nusu ya historia.

Asubuhi ya tarehe 26 Januari 2001, tetemeko la ardhi la ukubwa wa 7.7 liliipiga Kutch. Takriban watu 20,000 walikufa, na Dhamadka ikabomoka. Nyumba zingeweza kujengwa upya, lakini mto ulikuwa umekwisha kukauka, visima vilikuwa vikishuka, na baada ya tetemeko kiwango cha chuma katika maji kilipanda. Kwa sababu zilizokwisha kuelezwa, hilo lilitosha. Familia nyingi zilinunua ardhi karibu na mji wa Bhuj, zikaanzisha kijiji kipya, zikakipa jina la nguo yao: Ajrakhpur. Baadhi walibaki Dhamadka na wangali wakichapa. Katika miaka iliyofuata zilianzishwa taasisi za kuwasaidia mafundi wa wilaya, zikiwamo Khamir, mwaka 2005, na Somaiya Kala Vidya, mwaka 2014, ambako mafundi hufundishwa ubunifu na masoko kama watu wazima wenye taaluma yao.

Hati na mpaka

Sheria ya India ya viashiria vya kijiografia ilipitishwa mwaka 1999 na kuanza kutumika Septemba 2003. Ajrakh ya Kutch ilisajiliwa mwaka 2024 tu, zaidi ya miaka 20 baadaye, wakati ufundi ulikuwa umekwisha kufufuka. Usajili hulinda jina. Haulindi mapambo, wala haumzuii mwenye kiwanda kuchapa mapambo yale yale kwa mashine, maadamu haiiti nguo yake kwa jina lililosajiliwa. Na fundi binafsi anayetaka kuutumia sharti aandikishwe kama mtumiaji, jambo linalohitaji karatasi, muda na mtu wa kumsaidia.

Tatizo zito zaidi liko ng'ambo ya Rann. Ajrakh ni nguo ya Sindh pia. Huko hupewa wageni wa heshima na kuvaliwa kama alama ya utambulisho wa Wasindhi. Mipaka ya mwaka 1947 iliukata ufundi mmoja vipande viwili. Pakistani ilitunga sheria yake ya viashiria mwaka 2020, na mabishano ya nchi hizo mbili kuhusu jina la mchele wa Basmati katika Umoja wa Ulaya yanaonyesha mambo yanavyoweza kuwa pindi kila dola inapodai urithi wa pamoja peke yake. Kwa kutaja “Kutch” katika jina lake, usajili wa India umeukwepa ugomvi huo kwa sasa, ila haujausuluhisha.

Eneo letu lina mafundo ya aina hiyo hiyo. Kikoi hufumwa na kuvaliwa pande zaidi ya moja za mipaka ya pwani, na wakati kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kulisajili neno hilo kama nembo yake, mnamo mwaka 2007, waliopinga walikuwa Wakenya. Ombi halikufaulu, lakini ni ushindi uliopatikana kwa jina la nchi moja kuhusu nguo ya watu wengi. Leso nayo ina ugumu zaidi: lugha na maneno yake ni ya Waswahili, ilhali sehemu kubwa imekuwa ikichapwa India kwa vizazi kadhaa. Sheria inayofungamanisha jina na mahali pa kutengenezea ingewapa hati watu wa Gujarat kabla ya kuwapa Mombasa au Unguja. Washauri wa sera katika Jumuiya ya Afrika Mashariki wanaoiga sheria za India neno kwa neno hawana budi kulijibu swali hilo kwanza, na walijibu kwa pamoja, kabla nchi moja haijasajili na nyingine kupinga.

Huko Ajrakhpur, wakati huo, maji ya kuoshea yanatoka ardhini, katika wilaya yenye mvua haba, na idadi ya wachapaji waliovutiwa na soko jipya imeongezeka. Usajili wa mwaka 2024 haumpi mtu yeyote haki ya kisima.