Kwa Nini Wazee wa Eastlands Hawakununua Gari la Kulala Ndani

Wasee wa Eastlands, hebu niulize. Ni mzee gani wa mtaa wako alistaafu, akanunua gari lenye kitanda na jiko ndani, akaanza kuzunguka Kenya na mama? Mimi simjui hata mmoja. Kule Ujerumani na Marekani hilo ni jambo la kawaida. Hapa kwetu ukilitaja unaambiwa hayo ni mambo ya wazungu. Wengine watasema ni pesa. Pesa ni kweli, lakini kuna kitu kingine: historia ya mitaa yetu.

Eastlands haikujengewa wazee. Reli ilifika Nairobi 1899, na serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika mjini kama mkono wa kazi tu. Kufikia miaka ya 1920 mwanaume Mwafrika alitembea na kipande, wengi wakikivaa shingoni, kikionyesha ameandikwa kazi na nani. Ukitoa Majengo kule Pumwani, ambako watu waliruhusiwa kujijengea, nyumba nyingi zilikuwa za serikali ya mji au za mwajiri. Muthurwa, kwa mfano, ilikuwa ya watu wa reli. Nyumba ilifuata kazi. Kazi ikiisha, unarudisha funguo. Ilibidi tufike 1954 ndio kamati ya Carpenter ipendekeze mshahara unaoweza kulisha familia mjini. Kabla ya hapo hesabu ilikuwa kwamba bibi, watoto na uzee wako vitalishwa na shamba la ushago.

Kwa hivyo kustaafu Eastlands kulikuwa safari, tena ya kwenda bila kurudi. Gari lake lilikuwa lori au treni: kitanda kimefunguliwa, meza, cherehani, jiko la makaa, godoro limefungwa kamba.

Baada ya uhuru mambo mawili yalibadilika. 1965 NSSF ilianzishwa, na kwa miaka mingi mtu alilipwa akiba yake yote kwa mpigo mmoja. Halafu 1973 Mzee Jomo Kenyatta akaruhusu matatu zibebe abiria bila ile leseni ya mabasi. Weka hayo mawili pamoja utaelewa kwa nini, hadi leo, mtu akishika kiinua mgongo wazo la kwanza ni matatu. Mzee ananunua gari, lakini haendi popote. Anakaa kwa geti jioni akingoja dereva alete hesabu.

Waliobaki mjini nao hawakuwa salama. Mwaka 2010 mfuko wa pensheni wa reli, ambao ndio mwenye Muthurwa, ulitaka wapangaji watoke, na kati yao walikuwemo wastaafu wa reli wenyewe. Nyumba zikaanza kubomolewa, kesi ikaenda Mahakama Kuu, na 2013 korti ikasema haki zao zilikiukwa. Fikiria hapo: unafukuzwa na mfuko wa uzee wako mwenyewe.

Buruburu ndiyo ilileta hadithi tofauti. Ilijengwa kuanzia miaka ya 1970, na watu walinunua nyumba kwa mkopo, wakamaliza kulipa. Huyo mtu akistaafu hana funguo ya kurudishia mtu. Anaweza kusafiri, kisha arudi kwake.

Anko wangu ni mmoja wao. Ameendesha basi la shule zaidi ya miaka 20, na mwaka ujao anapumzika. Anataka nissan ya abiria 14, atoe viti, aweke kitanda, aende na anti mpaka Turkana. Mkutano wa familia umegawanyika. Wengine wanataka ploti, wengine matatu. Anti mwenyewe ameuliza swali moja tu: choo kitakuwa wapi? Ni swali zuri kuliko yetu yote.

Mimi niko upande wa anko, lakini kwa masharti. Asiagize ya Ulaya: Kenya hairuhusu gari lililopita miaka 8, na usukani lazima uwe kulia, wakati nyingi za huko zina usukani kushoto. Anunue gari la hapa, lenye spea ambazo fundi wa Lodwar pia anazijua. Achague lenye paa la juu, maana goti la anti halitaki kuinama kila saa. Mafundi wa Kariobangi Light Industries wanaweza kutengeneza kitanda na kabati, mradi mabadiliko yakaguliwe NTSA na hati ya gari iandikwe sawasawa. Viti viwekwe stoo, ili siku akichoka aweze kuliuza kama gari la kawaida. Na asimalize kiinua mgongo chote, kwa sababu gari hula kila mwezi, hata likiwa limesimama.

Ploti inaweza kungoja mwaka mmoja. Magoti hayangoji. Watu waliojenga hii mitaa walipewa safari moja tu ya uzeeni, na hawakuichagua. Kama mzee wako ana wazo kama la anko, kabla hamjamcheka kwenye mkutano wa familia, muulizeni kwanza anataka kuona wapi.