Nukta ya Ibn Muqla

Waziri Ibn Muqla alikatwa mkono wa kulia mjini Baghdad, fitina za ikulu zilipomgeukia, na mwaka 940 akafia kifungoni. Lakini alikuwa ameshawaachia waandishi kipimo ambacho hakuna mtawala aliyeweza kukifuta: nukta. Kandamiza ncha ya kalamu ya tete mara moja, upate kimraba kilicholala upande. Panga nukta kwa wima, upate kimo cha herufi ya alifu. Zungusha duara lenye kipenyo cha alifu hiyo, na herufi nyingine zitapata mahali pa kupindia. Kabla yake misahafu iliandikwa kwa khati ya Kufi, yenye pembe na uzito, huku makarani wa serikali wakiandika kila mmoja kwa mkono wake.

Baadaye mwandishi Ibn al-Bawwab aliilainisha kanuni hiyo. Msahafu wake wa mwaka 391 Hijria umehifadhiwa Dublin, katika maktaba ya Chester Beatty. Yaqut al-Musta'simi akaikata ncha ya kalamu mshazari zaidi, mistari ikapata unene na wembamba. Husimuliwa kwamba Wamongolia walipoivamia Baghdad mwaka 1258, yeye alijificha mnarani akiendelea na mazoezi juu ya kitambaa. Sioni sababu ya kuwabishia wasimulizi.

Istanbul ndiko ufundi ulikonawiri, tangu Sheikh Hamdullah, aliyefariki mwaka 1520. Wino ulikuwa masizi ya taa yaliyosagwa na gundi ya mgunga. Ndani ya kidau hutiwa nyuzi za hariri, ili tete ichote wino kidogo bila kuzama. Karatasi hupakwa ute wa yai, ikakauka, kisha ikasuguliwa kwa jiwe hadi ing'ae. Juu yake kosa hufutika kwa kitambaa chenye unyevu. Mwanafunzi huanza na dua fupi ya kuomba wepesi, akairudia mpaka mwalimu aridhike. Mwalimu haelezi sana: huandika herufi sahihi chini ya ile iliyopinda, akaweka nukta kuonyesha ilipozidi.

Matbaa haikuua kazi hii. Ibrahim Müteferrika alichapa kitabu chake cha kwanza mwaka 1729, na wanakili wakaendelea kula jasho lao. Pigo lilikuja mwaka 1928, Uturuki ilipohamia herufi za Kilatini. Mwandishi Hamid Aytaç alibaki akifundisha huko, na miongoni mwa aliowapa ijaza, yaani idhini ya ufundi huu, ni Hashim al-Baghdadi wa Iraki. Kitabu cha kanuni cha Hashim, cha mwaka 1961, kinapima kila herufi kwa nukta. Baghdad ikawa imerudishiwa mali yake.

Pwani yetu nayo ina ushahidi wa kale: Kufi yenye maua iliyochongwa katika mihrabu ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Ila mimi huvutiwa zaidi na Siyu, kisiwani Pate, ambako wanakili wa karne ya 18 na ya 19 waliandika misahafu kwa wino mweusi, mwekundu na manjano, na kuijaza pambizo mapambo. Anayeipima kwa rula ya Istanbul ataiona imekosewa. Wasiyu walikuwa na macho yao: mji huo huo ulisifika kwa kuchonga mbao na kushona ngozi, na mkono uliozoea nakshi ya mlango haukuona haja ya kuomba ruhusa Baghdad.